Je, wajua kwa nini moyo uliopandikizwa hudunda bila kuunganishwa na ubongo?

Daktari anapopandikiza moyo, anachoshona ni mirija mikubwa na ukuta wa vyumba vya juu tu. Kwa njia inayotumika zaidi siku hizi, viungio ni vitano: chumba cha juu cha kushoto, mishipa miwili mikubwa inayorudisha damu kutoka mwilini, mshipa mkuu unaoisambaza damu mwilini, na ule unaoipeleka mapafuni. Neva hazishonwi hata moja. Zilikatwa moyo ulipotolewa kwa mchangiaji, na zile za mpokeaji zilikatwa moyo wake mgonjwa ulipoondolewa. Haziwezi kushonwa hata kama daktari angetaka, kwa sababu ni nyuzi nyembamba mno zilizotapakaa kama wavu juu ya mishipa mikubwa, na kipande cha uzi kilichotengwa na seli yake mama hufa baada ya muda mfupi.

Kibano kilichozuia damu wakati wa kushona kikiondolewa, damu yenye joto huingia kwenye mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Pengine moyo hutetemeka kwanza ovyo ovyo, ukahitaji kushtuliwa kidogo kwa umeme. Pengine huanza wenyewe bila kuguswa. Kwa vyovyote vile, baada ya muda unadunda kwa mpangilio, na hakuna waya wowote kati yake na ubongo wa mtu huyo. Nani basi anaupa amri?

Jibu ni kwamba moyo haujawahi kungoja amri. Mwaka 1907 Waingereza wawili, Arthur Keith na Martin Flack, walieleza kifundo kidogo cha tishu kilichoko juu ya chumba cha kulia, pale damu inapoingilia. Seli za kifundo hicho hazitulii. Kila zikimaliza pigo moja, vijimlango kwenye kuta zake hufunguka na kuruhusu sodiamu yenye chaji ya umeme kupenya taratibu. Chaji hupanda kidogo kidogo, kalsiamu nayo huingia, kiwango fulani kikifikiwa seli hulipuka kwa umeme, na umeme huo husambaa moyo mzima na kuuminya. Kisha zinaanza upya. Kifundo hicho huhama pamoja na moyo kutoka kwa mchangiaji, na kinachohitaji ni damu, oksijeni na chumvi chumvi zake tu.

Kazi ya neva, kwa hiyo, si kuanzisha pigo. Kazi yake ni kubadilisha mwendo. Ziko za aina mbili: neva ya vagasi, inayopunguza kasi, na neva za simpathetiki, zinazoiongeza. Kwa mtu aliyetulia, vagasi ndiyo yenye nguvu zaidi. Hilo lilithibitishwa kwa watu wazima wenye afya waliopewa kwa pamoja dawa mbili, propranolo na atropini, zinazozuia neva za pande zote mbili. Mioyo yao haikupunguza mwendo, iliongeza. Kwa kijana wa miaka 20 mwendo asilia wa moyo ulikuwa karibu mapigo 107 kwa dakika, na kwa mtu wa miaka 50 karibu 90. Yale mapigo 60 au 70 tunayohesabu tukiwa tumekaa ni ya moyo unaozuiwa saa zote.

Ndiyo maana mtu mwenye moyo uliopandikizwa huwa na mapigo kati ya 90 na 110 akiwa ameketi tu, hata usiku usingizini. Hajashtuka wala hana homa. Breki imekatwa. Muuguzi asiyejua historia ya mgonjwa anaweza kuhangaika bure akiyaona mapigo hayo.

Sasa mfuate mtu huyu akipanda ngazi. Kwa mtu wa kawaida, mapigo huongezeka tangu hatua ya kwanza, pengine hata kabla hajainua mguu, maana ubongo hutangulia kuachia breki. Kwa mpokeaji wa moyo, hatua za mwanzo hupita na mapigo yako palepale. Misuli ya miguu inadai damu zaidi, na moyo unakidhi dai hilo kwa njia nyingine: misuli ikijikaza huminya damu kuirudisha juu, moyo hujaa zaidi, na moyo uliojaa zaidi hujiminya kwa nguvu zaidi. Tabia hiyo imo kwenye nyama yake yenyewe. Dakika chache baadaye adrenalini kutoka kwenye tezi zilizoko juu ya figo huwa imeshafika kwa njia ya damu, na hapo ndipo mapigo yanapopanda. Akifika juu na kukaa, mambo hugeuka. Mwenzake anatulia mara moja, yeye moyo bado unakwenda mbio, wakati mwingine ukizidi hata ulivyokuwa ngazini, mpaka adrenalini ipungue. Hii ndiyo sababu wataalamu wa mazoezi huwasisitizia watu hawa kupasha mwili joto polepole na kutokatisha zoezi ghafla.

Je, moyo wa namna hiyo unaweza kazi nzito? Swali hili lilijibiwa mapema kwa jaribio ambalo mimi hulipenda sana. Mwaka 1964 watafiti wa kliniki ya Mayo, Marekani, wakiwemo David Donald na John Shepherd, walichapisha matokeo ya mbwa wa mashindano ya mbio waliokatwa neva zote za moyo. Baada ya kupona, mbwa hao walirudishwa uwanjani. Walikuwa nyuma ya muda wao wa zamani kwa karibu asilimia 5 tu. Baadaye walipewa dawa inayozuia adrenalini isifanye kazi kwenye moyo, na hapo wakashindwa vibaya, kuliko mbwa wenye neva zao waliopewa dawa ileile. Ilionekana wazi kwamba adrenalini iliyomo kwenye damu inabeba karibu mzigo wote ulioachwa na neva.

Pamoja na hayo, Norman Shumway na Richard Lower wa chuo kikuu cha Stanford walikuwa wameshaonyesha, mnamo 1960, kwamba mbwa aliyepandikizwa moyo anaweza kuishi nao kwa siku kadhaa, akila na kutembea. Hivyo daktari Christiaan Barnard alipompandikiza mgonjwa wake Louis Washkansky moyo huko Cape Town tarehe 3 Desemba 1967, iliaminika tayari kwamba moyo usio na neva utadunda. Washkansky aliishi siku 18. Kilichomuua ni nimonia, wakati kinga yake ikiwa imeshushwa ili mwili usiukatae moyo. Tatizo la kinga ndilo lililochukua miaka mingi kupata ahueni, hasa baada ya dawa ya siklosporini kuingia katika miaka ya 1980. Leo zaidi ya nusu ya wanaopandikizwa huvuka miaka 12.

Kwa wale waliofanyiwa kwa njia ya zamani, kuna jambo linaloonekana kwenye karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo ambalo kila mwanafunzi wa udaktari angestahili kulishuhudia. Njia hiyo iliacha ukuta wa nyuma wa vyumba vya juu vya moyo wa zamani, pamoja na kifundo chake, na moyo mpya ukashonewa hapo. Mtu huyo ana vifundo viwili. Kwenye karatasi unaona vilima vidogo vya aina mbili, kila kimoja na mwendo wake. Cha moyo mpya hufuatwa na pigo kamili. Cha zamani hakifuatwi na kitu, kwa kuwa umeme wake hukwama kwenye kovu la mshono. Mwambie apumue kwa nguvu au ainuke ghafla: kile cha zamani kinabadili mwendo papo hapo maana bado kina neva zake, na kile kipya hakishughuliki. Watafiti wa miaka ya mwanzo walilitumia hilo kulinganisha moyo wenye neva na usio nazo ndani ya mtu mmoja, kwa wakati mmoja.

Kukatika kwa neva kunabadilisha pia matibabu ya dharura. Moyo wa mgonjwa ukienda polepole mno, dawa ya kwanza kufikiriwa ni atropini, ambayo huiziba vagasi. Kwa moyo uliopandikizwa hakuna cha kuzibwa, na mapigo hubaki palepale. Inabidi kutumia dawa zinazoigusa nyama ya moyo moja kwa moja, au betri ya moyo. Kwa upande mwingine, adenosini, inayotumika kukatisha mapigo ya mbio, huupiga moyo huu kwa nguvu kupita kawaida, kwa hiyo madaktari huanza na kipimo kidogo. Mwenye moyo uliopandikizwa anapaswa kulitaja hilo mapema kabisa kwa yeyote anayemhudumia.

Lakini neva hazikuwa na breki na kichocheo pekee. Zilibeba pia habari kutoka moyoni kwenda kwenye ubongo, ikiwemo habari ya maumivu. Hapa ndipo mpokeaji anapopata hasara kubwa kweli.

Mishipa inayoulisha moyo uliopandikizwa hupatwa na ugonjwa wake wa pekee. Tofauti na mafuta yanayoziba sehemu moja moja kwa watu wengine, hapa ukuta wa mshipa hunenepa kwa ndani kwa urefu wake wote, hadi vijishipa vidogo kabisa, na chanzo kikuu ni mashambulizi ya kinga ya mwili yasiyoisha. Ndani ya miaka 10 ugonjwa huu huonekana kwa karibu nusu ya wapokeaji. Ni miongoni mwa mambo makubwa yanayoamua nani ataendelea kuishi mwaka wa 5, wa 10 au wa 15.

Mtu wa kawaida ambaye mishipa yake inaziba huonywa. Kifua humbana akitembea, maumivu hushuka mkononi au kupanda tayani, naye hukimbilia hospitali. Mwenye moyo uliopandikizwa mara nyingi hasikii chochote. Sehemu ya moyo inaweza kufa bila yeye kujua, akaja kuligundua tatizo kwa kuishiwa pumzi, miguu kuvimba, mapigo kwenda ovyo au kuzimia. Wengine hufa ghafla. Nasisitiza hili kwa sababu ni rahisi kwa mtu anayejisikia mzima kuona safari ya kila mwaka ya vipimo kuwa usumbufu. Kwake yeye kujisikia mzima si ushahidi wa kutosha. Ndiyo maana vituo vya upandikizaji hupanga anjiografia mara kwa mara: mrija mwembamba hupitishwa kutoka mkononi au kwenye paja hadi moyoni, dawa inayoonekana kwenye eksirei hudungwa, na mishipa hupigwa picha. Penye mashaka hupitishwa kipimo kidogo cha mawimbi ya sauti ndani ya mshipa wenyewe, maana ukuta unaweza kunenepa sana kabla picha ya kawaida haijaonyesha kasoro.

Kwa vile ugonjwa umetapakaa, kuzibua sehemu moja au kushonea njia ya pembeni mara nyingi hakusaidii sana. Utafiti ukaelekezwa kwenye kuuchelewesha. Mwaka 1995 watafiti wa Los Angeles walitoa matokeo ya wapokeaji 97: waliopewa pravastatini, dawa ya kushusha lehemu, tangu mwanzoni, waliishi zaidi ndani ya mwaka wa kwanza na mishipa yao ilinenepa kidogo kuliko ya wenzao. Mwaka 2003, katika jaribio la watu 634, everolimasi nayo ilipunguza unene huo ikilinganishwa na azathioprini; zote mbili ni dawa za kushusha kinga. Statini, yaani dawa za jamii ya pravastatini, sasa ni sehemu ya kawaida ya dawa za wapokeaji, hata wenye lehemu isiyo juu.

Je, neva hurudi? Kwa muda mrefu ilidhaniwa hazirudi. Mwaka 1991 madaktari walieleza wapokeaji waliopata maumivu ya kifua yanayofanana kabisa na ya ugonjwa wa moyo, na walipopimwa walikutwa na ushahidi kwamba neva zilikuwa zimechipua kuvuka mshono. Miaka 10 baadaye, watafiti wa Munich waliwachunguza wapokeaji 29 kwa picha zinazoonyesha miisho ya neva za simpathetiki. Waliorudiwa na neva walifanya mazoezi kwa muda mrefu zaidi na mapigo yao yalipanda vizuri zaidi. Umri mdogo wa mchangiaji, kupita kwa miaka, na kutosumbuliwa sana na mwili kuukataa moyo, yote yalionekana kuambatana na kurudi huko. Vagasi huchelewa zaidi, na kwa wengi hairudi kwa kiwango cha maana, hivyo mapigo ya mapumziko hubaki juu.

Neva hizo hurudi kwa vipande. Huanzia ukuta wa mbele wa moyo, na ukuta wa nyuma mara nyingi hubaki bila kitu hata baada ya miaka mingi. Mpokeaji anayesikia maumivu ya kifua lazima achukuliwe kwa uzito uleule kama mgonjwa mwingine yeyote wa moyo. Na yule ambaye maumivu yamemrudia haondolewi kwenye ratiba ya anjiografia, kwa sababu mshipa unaolisha ukuta wa nyuma bado unaweza kuziba naye asisikie chochote.