Ridhaa ya mgonjwa: maana yake katika uuguzi

Ridhaa ya mgonjwa ni kukubali kwake, kwa hiari na kwa kuelewa, jambo ambalo mhudumu wa afya anakusudia kulifanya juu ya mwili wake, liwe upasuaji, kuongezewa damu au hata kuwekewa mpira wa mkojo. Dhana hii imejengwa juu ya kanuni ya kuheshimu uhuru wa mgonjwa wa kujiamulia, mojawapo ya kanuni nne ambazo Beauchamp na Childress, wataalamu wa maadili ya tiba wa Marekani, waliziweka pamoja mwaka 1979. Nyingine ni kutenda mema, kutodhuru na haki.

Wengi hulijua neno hili kupitia fomu, na hapo ndipo maana yake inapopotea. Chukua mfano wa mama mjamzito aliyeletwa mjini Kigoma kutoka kijiji kimoja cha Kasulu, uchungu umekaa muda mrefu pasipo mtoto kushuka, na daktari ameamua apasuliwe. Karatasi imejaa Kiswahili cha kitaalamu, mama huzungumza zaidi Kiha, na anashikwa mkono atie dole gumba chini ya maneno ambayo hakuna aliyemsomea. Alama ya wino ipo, ila ridhaa haipo.

Ili ridhaa iwepo, mgonjwa mwenye akili timamu lazima aelezwe ana tatizo gani, atafanyiwa nini, kuna faida na hatari zipi, kuna njia gani nyingine na nini kinaweza kumpata akikataa, kisha aamue bila kutishwa. Kuueleza upasuaji ni wajibu wa daktari atakayeufanya. Muuguzi, ambaye ndiye anayebaki na mgonjwa wodini, ana kazi ambayo kwa maoni yangu ni nzito zaidi ya kushuhudia saini: kumuuliza, “Mama, hebu nieleze mwenyewe, watakufanyia nini?” Akijibiwa, “Sijui, wamesema nisaini,” basi amwite daktari arudi kumweleza kabla kitanda hakijasukumwa.

Lugha ni sehemu ya ridhaa yenyewe. Muuguzi anayejua Kiha huelewana pia na Mrundi wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwa kuwa Kiha na Kirundi ni lugha za karibu sana, na mkoani Kigoma ujuzi huo una thamani kubwa. Pasipo muuguzi wa namna hiyo atafutwe mkalimani mtu mzima anayeaminika, kwani mtoto wa miaka kumi hapaswi kubebeshwa habari za kizazi cha mama yake.

Mama akitaka kwanza kushauriana na mumewe au mama mkwe, huo ni uamuzi wake na uheshimiwe. Mume kusaini badala ya mke mwenye fahamu zake ni jambo jingine kabisa, hata likifanywa kwa nia njema. Kwa mtoto mdogo huamua mzazi au mlezi; kwa aliyezimia, asiye na ndugu karibu, maisha yake huokolewa kwanza.

Aliyekubali anaweza pia kubadili mawazo, hata akiwa mlangoni pa chumba cha upasuaji. Hapo muuguzi husimamisha kitanda, humwita daktari na kumsikiliza mgonjwa, bila kumfokea wala kumpunguzia huduma nyingine anazozihitaji.