Kwa nini maji yanayoshuka ukutani hayakosi mawimbi

Mvua kubwa ikinyesha, simama kando ya barabara ya lami yenye mteremko utazame maji yanavyoshuka. Hayashuki kama shuka iliyopigwa pasi. Yanakuja mafungu mafungu: wimbi, nafasi, wimbi jingine, na mara nyingine la nyuma hulifikia la mbele yakawa moja.

Wengi hudhani ni mabonde ya lami. Hata kwenye kioo kisafi mawimbi hayo hutokea.

Maji yanayogusa ukuta, au lami, hayasogei. Ya juu ndiyo yanayokimbia. Kwa hiyo utando, yaani tabaka hilo jembamba la maji, ukinenepa, unaenda kasi zaidi. Kikitokea kinundu kidogo tu, kinawahi mbele kuliko maji yenyewe. Lakini maji hayabadili mwendo papo hapo: nyuma ya kilele bado yanakimbia, mbele bado hayajashika kasi, basi yanarundikana pale kileleni. Kinundu kinakua.

Kwenye mteremko mdogo, uzito wa maji hukilaza kinundu. Ukuta ukisimama wima, msaada huo haupo tena. Unabaki mvutano wa uso wa maji, ile nguvu inayoufanya uso ujikaze kama ngozi, nao hulainisha vikunjo vifupi tu. Mawimbi marefu haiyawezi nguvu hiyo. Mwaka 1957 mwanahisabati Brooke Benjamin wa Uingereza alionyesha kwa hesabu jambo linalonishangaza hadi leo: kwenye ukuta wima, hata maji yatiririke machache kiasi gani, utando hauna utulivu, yaani vinundu virefu lazima vikue. Kabla yake, mwanafizikia Mrusi Pyotr Kapitza, akiwa ameondolewa kwenye taasisi yake, aliyapima mawimbi haya nyumbani kwake shamba akisaidiwa na mwanawe Sergei, wakachapisha matokeo mwaka 1949.

Asali je, mbona hushuka laini? Mnato wake hufanya mawimbi yakue polepole mno, inafika chini kabla hujayaona.

Viwandani mawimbi haya tunayataka. Katika kutengeneza maziwa ya unga, maziwa hushushwa kama utando ndani ya mabomba marefu ya wima yanayopashwa mvuke kwa nje. Mawimbi huyakoroga, joto likapenya upesi. Hatari ni kupunguza maziwa kupita kiasi: utando huchanika, sehemu ya bomba hubaki kavu, na maziwa ya pembeni yake huungua na kuganda hapo. Fundi akiona hivyo, kwanza aongeze maziwa yanayoingia, ndipo afikirie kubadili mvuke.