Mdomo Umepinda, Mgonjwa Ana Saratani: Msimwache Alale

Mimi ni muuguzi hapa Lamu. Wagonjwa wengi wa saratani kutoka visiwani hutibiwa Mombasa, zaidi ya kilomita 300 kutoka gati ya Mokowe, kisha hurudi nyumbani kungoja zamu inayofuata. Katika siku hizo za kungoja ndipo baadhi yao huletwa kwangu na jambo jingine kabisa: kiharusi. Na huletwa wamechelewa. Jioni mdomo umepinda, mtu mzima wa nyumba akasema “mwateni alale”, yaani mwacheni alale, na asubuhi mkono na mguu vya upande mmoja havisogei tena. Neno hilo limenichosha. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa, na majibu yake.

Kiharusi ni nini?

Ni sehemu ya ubongo kukosa damu. Mara nyingi mshipa umezibwa na bonge la damu; mara chache zaidi umepasuka, damu ikavuja. Ubongo hauna akiba. Dakika chache bila damu, chembe zake zinaanza kufa.

Saratani iko kwenye titi, au kwenye umio. Ubongo unaingiaje?

Kwa njia ya damu. Uvimbe wa saratani hutoa vitu vinavyoifanya damu igande kwa urahisi, popote ulipo mwilini. Ongeza tiba yenyewe: baadhi ya dawa za kemo, yaani dawa za kuua chembe za saratani, kama cisplatin, huumiza mishipa, na mionzi ya shingoni inaweza kuiharibu mishipa mikubwa iendayo kichwani, madhara yakaonekana miaka mingi baadaye. Ongeza kutapika na kuharisha kunakomaliza maji mwilini, na kulala kitandani mchana kutwa.

Upande wa pili, kemo hupunguza zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda. Zikishuka sana, mshipa unaweza kuvuja. Kwa hiyo mgonjwa huyohuyo wiki hii hatari yake ni kuganda, wiki ijayo ni kuvuja, na hakuna anayeweza kuvitofautisha kwa kumtazama usoni. Si mimi, si jirani, si mwenye duka la dawa.

Hatari ni kubwa zaidi miezi ya mwanzo baada ya saratani kugunduliwa. Utafiti mkubwa uliofanywa kwa wazee wa Marekani na kuchapishwa mwaka 2017 uliona kwamba katika miezi 6 ya kwanza, wagonjwa wa saratani wapatao 30 kwa kila 1,000 walipata kiharusi cha kuziba, dhidi ya 16 kwa kila 1,000 wasio na saratani. Saratani ya mapafu, ya kongosho na ile iliyokwisha kusambaa ndizo zinazoongoza.

Nimeanza kemo. Niache dawa za presha nisije nikachanganya dawa?

Hapana. Hapana kabisa. Sijui nani alianzisha hadithi hii, ila nakutana nayo kila mara: mtu alimeza vidonge vya presha miaka kumi, akaambiwa ana saratani, akavitia kabatini kwa sababu “dawa ni nyingi, mwili utachoka”. Presha haikupata habari kwamba umeugua saratani. Inaendelea na kazi yake. Sukari vilevile, na tumbaku vilevile, ya kuvuta na ya kutafuna.

Ikiwa saratani ya umio imekuzuia kumeza, sema. Vidonge vingine husagwa, vingine havisagwi, na vingine vina badala yake. Usinyamaze ukangoja kliniki ijayo.

Kemo humfanya mtu ganzi na uchovu. Nitajuaje kwamba hiki ni kiharusi?

Ganzi ya kemo huja polepole, kwa wiki kadhaa, na kwa kawaida hushika vidole vya mikono yote miwili na nyayo zote mbili. Uchovu wake ni wa mwili mzima. Kiharusi huja ghafla na mara nyingi huchagua upande mmoja. Mtu alikuwa anakunywa chai, kikombe kikamtoka mkononi.

Mwambie atabasamu: upande mmoja wa mdomo unabaki chini? Mwambie anyanyue mikono yote miwili na kufumba macho: mmoja unashuka wenyewe? Mwambie aseme, “Nimetoka Shela nakwenda Matondoni.” Maneno yanagongana, au hayatoki? Moja tu kati ya haya latosha. Angalia pia jicho lililopoteza nuru ghafla, kuyumba ghafla, na kichwa kuuma kwa namna ambayo hakijawahi kuuma.

Dalili zimeanza saa tatu usiku. Tungoje asubuhi?

Hapana. Ipo dawa ya mshipa ya kuyeyusha bonge la damu, na kwa kawaida inatakiwa iingie ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Kabla ya hapo lazima apigwe picha ya kichwa kwenye mashine ya CT, kuhakikisha si kuvuja, maana dawa hiyo akipewa anayevuja damu inaweza kumwua. Saa nne na nusu kwa mtu wa mjini ni chache. Kwa mtu wa visiwani si kitu.

Nanyi mnapomlaza mnafanya kosa la pili. Akilala na kuamka amepooza, daktari hahesabu kuanzia alipoamka. Anahesabu kuanzia saa ya mwisho mliyomwona mzima. Usiku mzima mmeutupa.

Sitakudanganya: kutoka kwetu, wengi hawaifikii dawa hiyo kwa wakati, na si kila hospitali inayo. Lakini kuna mengi mengine. Sukari hupimwa, maana sukari ikishuka sana huiga kiharusi na hutibika papo hapo. Kumeza hukaguliwa. Presha huangaliwa bila kuporomoshwa. Picha husema kama ni bonge, au damu, au saratani imefika ubongoni. Hayo hayafanyiki akiwa amelala kwake.

Dalili zimeondoka zenyewe baada ya dakika kumi. Bado twende?

Ndiyo, usiku huohuo. Hiyo inaweza kuwa kuziba kulikopita njia, na kiharusi kingine kinaweza kuja ndani ya siku chache, kikakaa.

Kliniki yake ya Mombasa ni Jumatatu. Si bora amwone daktari wake wa saratani?

Hapana. Nendeni hospitali iliyo karibu sasa, huyo daktari mpigieni mkiwa njiani. Leo ni Ijumaa. Jumatatu mtampelekea mtu mwingine.

Mzee wa nyumba asema ni shetani. Asomewe kwanza, anywe kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani?

Asomewe, tena mimi mwenyewe nitaitikia amina. Dua haina haja ya mgonjwa kukaa barazani; isomwe ndani ya boti.

Kombe, hapana. Wala maji, wala uji, wala asali kwa kijiko. Kiharusi hulegeza koo. Nimempokea mama mmoja ametapakaa manjano ya zafarani kidevuni hadi kwenye kanga, anakohoa kwa sauti ya majimaji. Lile kombe, lililoandikwa kwa mapenzi, lilikuwa limeteremka kwenye mapafu. Alipata nimonia juu ya kiharusi. Mpaka atakapokaguliwa kumeza, kinywa chake hakiingii kitu.

Kupiga chuku, yaani kuchanja na kuumika damu, hapana. Mtu aliye kwenye kemo na chembe zake za kugandisha zimeshuka, ukimchanja atatoka damu isiyotaka kusimama, na kidonda kitaoza.

Aspirini, hapana, mpaka picha ipigwe. Kidonge cha presha cha jirani “kuishusha haraka”, hapana. Mafuta ya kuchua hayatamwua, lakini dakika arobaini mnazokaa mkichua zinaweza.

Na Ramadhani?

Anayetapika kwa kemo na kufunga siku nzima anaikausha damu yake. Aya za saumu katika Sura ya Baqara zimempa mgonjwa ruhusa ya kula. Muulize daktari wako, kisha muulize shekhe wako. Usimuulize shoga yako.

Lakini ana saratani tayari. Mbona tumsumbue?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, mlangoni, na ndilo linaloniudhi kuliko yote. Nani kawaambia saratani ni hukumu ya mwezi huu? Wapo waliotibiwa titi au mlango wa kizazi ambao leo wanapika mahamri na kulea wajukuu. Kuwa na saratani peke yake hakumnyimi mtu tiba ya kiharusi. Daktari hupima mambo mengine, kama damu yake, muda, na dawa anazotumia.

Na hata yule ambaye siku zake zimebaki chache, je, azimalize akiongea na wanawe, au akiwatazama bila kuweza kutaja majina yao? Hayo si mamoja. Muulize yeye mwenyewe, wakati bado anasema.

Tuko Siyu, kisiwani Pate, ni usiku, maji yametoka, boti haitoki. Tufanyeje?

Kwanza mfikisheni kwenye kituo cha afya kilicho karibu, nao wapige simu mbele. Nahodha aamshwe sasa na akae tayari maji yakijaa, asiamshwe alfajiri. Mgonjwa alazwe ubavu, kichwa kimeinuliwa kidogo, asivutwe kwa mkono uliolegea. Chukueni faili lake la saratani, majibu ya damu ya mwisho na vidonge vyote, hasa vya kuzuia damu kuganda. Tajeni tarehe ya kemo ya mwisho.

Na andikeni saa. Mwaka huu kijana mmoja, mvuvi, alimleta shangazi yake. Hakuwa na karatasi botini na simu ilikuwa imezima. Nilipoukunjua mkono wa yule mama kutafuta mshipa, nikakuta kwenye kiganja, kwa kalamu ya wino, ikianza kufutika kwa maji ya chumvi: “1:20 usiku alikuwa mzima”.