Je, kila msichana wa Ujerumani ya Kinazi alijiunga kwa hiari na Vijana wa Hitler (Hitlerjugend), jumuiya ya vijana ya chama cha Nazi?

Wengi huamini hivyo. Wengine huamini kwamba wote walilazimishwa tangu 1933, Wanazi walipoingia madarakani. Jibu linategemea mwaka.

Sheria ya Desemba 1936 ilitangaza kuwa vijana wote ni wa jumuiya hiyo, lakini haikuweka adhabu. Shinikizo la walimu na majirani lilikuwepo, ila baadhi walikwepa. Amri ya Machi 1939 ndiyo iliyofanya utumishi katika jumuiya hiyo kuwa wa lazima kuanzia miaka 10 hadi 18, na mzazi asiyemwandikisha binti yake aliweza kutozwa faini au kufungwa. Wasichana wa Kiyahudi hawakuruhusiwa kabisa, jambo ambalo neno “wote” hulificha.

Ukisoma kumbukumbu za mwanamke wa enzi hiyo, anza na mwaka wa kuzaliwa. Aliyezaliwa 1920 alitimiza miaka 18 mwaka 1938, kabla ya amri. Wa 1930 alifikisha 10 Vita vya Pili vya Dunia vikiendelea, hakuwa na uchaguzi. Lakini ulazima hauelezi kila kitu: amri ilihusu uanachama, na uongozi wa kikundi ni suala jingine, kwa hiyo angalia cheo, si uanachama tu.