Je, wajua? Chini ya Lokichar hakuna ziwa la mafuta

Rais Mwai Kibaki alipotangaza Machi 2012 kwamba kisima cha Ngamia-1 kimegundua mafuta Turkana, wengi tulioko Nairobi tulipata picha moja: pango kubwa ardhini, limejaa mafuta, linasubiri mrija. Picha hiyo bado inatawala, na ndiyo inayowafanya watu washangae kwa nini wataalamu hawapimi mara moja wakasema yapo kiasi gani.

Pango halipo. Mafuta ya Lokichar, eneo la Turkana kilipo kisima hicho, yamo ndani ya jiwe lenyewe, yamejibana katika vitundu vidogo mno kati ya punje za mchanga zilizoshikamana. Kipande cha mwamba huo ukikishika ni kigumu, kinakwaruza kidole, kina rangi ya kahawia na harufu ya mafuta. Hakuna kinachotiririka. Tena mafuta ya huko yana nta nyingi, hivyo yakipoa huganda.

Mchanga huo uliletwa na mito zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita. Mto hupinda, huhama, huacha mkondo wake wa zamani ufunikwe na tope, kisha huweza kurudi ukapita juu yake. Kwa hiyo mchanga umelala kwa mikanda, na kati ya mikanda kuna tope lililogeuka mwamba usiopitisha mafuta.

Sasa fikiria umepewa kazi ya kuchora barabara zote za Nairobi, lakini unaruhusiwa kutazama sehemu tano tu, kila moja upana wa sahani. Kayole umeona lami. Kangemi umeona lami. Je, ni barabara moja? Huwezi kujua. Ila unajua tabia za barabara: upana wake, zinavyopinda, zinavyokutana. Unachora ramani mamia, zote zikipita pale ulipoona lami na kukwepa pale ulipoona udongo. Linalojitokeza karibu katika kila ramani unaliamini zaidi.

Ndivyo wanajiolojia wanavyofanya. Sahani ni kisima, lami ni mchanga, na tabia za mikondo huzisoma kwenye mito ya leo na miamba iliyo wazi. Mawimbi ya mtetemo yanayopelekwa ardhini husaidia kuona umbo la jumla, lakini mkanda wa mita chache kwa kawaida huwaponyoka. Ndiyo maana mapipa milioni 585 ambayo kampuni ya Tullow ilitaja mwaka 2021 kuwa yanaweza kuvunwa ni makadirio, na makadirio ya aina hiyo huwa na kiwango cha chini na cha juu.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni cha shinikizo. Kisima kimoja hufunguliwa kitoe mafuta, na kingine hutegwa kipimashinikizo. Shinikizo likishuka huko pia, visima hivyo vimeunganishwa, na ramani zote zilizovitenganisha hutupwa. Majaribio marefu yalifanywa mwaka 2015 Amosing na Ngamia, sehemu mbili za mafuta huko Lokichar. Hata hivyo, shinikizo linaweza kupenya kwa njia nyembamba yenye kona nyingi, ambayo mafuta yenyewe yangeipita kwa shida.