Kijana anaporuka ARV (dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI): yanayosemwa na yaliyo kweli

"Haruki kwa bahati mbaya, ni mkaidi tu."
Wakaidi wapo, lakini ukifuatilia taratibu, mara nyingi unakuta tatizo ni mpangilio wa nyumbani. Muda wa dawa ni saa 3 usiku, na saa hiyo sebule imejaa watu. Au amehamishiwa kwa mjomba asiyejua kitu. Au chupa inalia kila begi likitikisika, naye anaona aibu. Swali la "unameza dawa?" hujibiwa "ndiyo" siku zote. Muulize hivi: "Wiki hii, siku gani kumeza kulikuwa kugumu?" Halafu hesabuni pamoja. Chupa ya vidonge 30 iliyotumika siku 20 inatakiwa kubaki na 10. Vikibaki 14, dozi 4 zimerukwa. Hesabu hiyo isigeuzwe msako, kwani wapo wanaotupa vidonge chooni siku moja kabla ya kliniki. Kipimo cha wingi wa virusi ndicho kisichodanganyika.

Kama muda ndio tatizo, badilisheni muda. Asubuhi, akishapiga mswaki, huwa rahisi zaidi. Tena kidonge cha TLD (ARV tatu ndani ya kidonge kimoja), ambacho vijana wengi wenye kilo 30 na kuendelea hutumia, huwanyima baadhi yao usingizi wakikimeza usiku.

"Akichelewa, dozi ya siku hiyo imeharibika."
Ameze pale anapokumbuka. Zikiwa zimebaki chini ya saa 4 kufikia dozi inayofuata, aiache iliyopita. Asimeze viwili kufidia.

"Bila kushiba, dawa itamuua."
Dhana hii inaumiza sana huku kwetu. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na miezi ya kulima ndiyo miezi ambayo ghala limekauka. Bibi anaona mjukuu hajala, anamwambia asubiri hadi kesho. TLD humezwa hata bila chakula. Cha kuangalia ni vidonge vya kuongeza damu (madini chuma) na vya kalsiamu, kwa sababu hushikana na dawa tumboni ikashindwa kuingia vizuri kwenye damu. Ama avimeze pamoja na TLD wakati wa kula, ama ameze TLD saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au alumini hazimezwi pamoja na TLD hata wakati wa kula. Lazima zitenganishwe kwa muda huohuo.

"Asiambiwe anaumwa nini, ataumia."
Anaambiwa ni dawa ya kifua, kisha akifika miaka 13 anasoma jina kwenye chupa na kulitafuta kwenye simu. Hasira ya kudanganywa huishia kwenye dawa. Maelezo yaanze kidogo kidogo akiwa shule ya msingi, na kufikia miaka 10 hadi 12 awe analijua jina la ugonjwa wake. Mshauri wa CTC (kliniki anakochukulia ARV) husaidia mazungumzo haya, mlezi asiyabebe peke yake.

"Shule ya bweni na ARV haviendani."
Vinaendana, mkijipanga kabla ya muhula. Ombeni CTC mapema dawa za miezi kadhaa, msingoje wiki ya kufungua shule. Si lazima walimu wote wajue: anatosha mtu mmoja, kama matroni au muuguzi, aliyechaguliwa na kijana mwenyewe. Vidonge vikae kwenye chupa yake pamoja na kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu. Kuvihamishia kwenye karatasi au nailoni huviharibu. Pamba safi na kavu juu ya vidonge huzima ule mlio. Joto lisizidi nyuzi 30, kwa hiyo Oktoba na Novemba chupa isiachwe kwenye tranka lililo juani au karibu na bati.

"Virusi havionekani tena, amepona."
Havionekani kwa sababu anameza. Akiacha, hurudi ndani ya wiki chache. Mwaka 2011, wakati wa kikombe cha Loliondo (dawa ya mitishamba iliyosemwa kuponya UKIMWI), wapo walioacha dawa kwa imani hii hii. Kuomba na kumeza havigombani.

"Virusi vimepanda, basi dawa zimegoma."
Si lazima. Vikizidi 1,000 kwa mililita, huanza vikao vya ushauri wa ufuasi (kumeza dawa bila kuruka), kisha kipimo hurudiwa baada ya miezi 3 hivi. Dolutegravia iliyomo kwenye TLD haizoewi na virusi kirahisi, hivyo wengi hushuka wakirudi kumeza kila siku. Kabla ya kumlaumu, ulizeni pia kama ameanza dawa za kifua kikuu: rifampisini huipunguza nguvu dolutegravia, na kliniki humwongezea kidonge cha miligramu 50 saa 12 baada ya TLD. Hospitali iliyomwanzishia dawa hizo isipoiarifu CTC, kijana anaweza kuwa anameza vizuri kabisa na virusi bado vinapanda.