Skrinishoti ya kompyuta: kitufe kimoja, na mengi yanayoonekana pembeni

Karibu kila wiki dawati letu la TEHAMA hupokea picha ya namna hii: skrini ya kompyuta imepigwa picha kwa simu, mkono umetikisika, taa ya dari imetokea katikati ya kioo, na juu ya maandishi kuna mistari mistari. Chini yake ujumbe mfupi: "Mkuu, mfumo umegoma." Ndani ya picha hiyo kuna namba ya kosa tunayoihitaji, lakini 8 inasomeka kama 3, na kwa 3 hiyo tutazunguka nusu saa bure.

Kompyuta yenyewe inajua kupiga picha ya skrini yake. Kitufe kipo juu kulia mwa kibodi, kimeandikwa PrtSc au Print Screen. Jina hilo ni la tangu zamani: kwenye kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 kilitumika kupeleka maandishi ya skrini moja kwa moja kwenye printa. Siku hizi printa haiguswi, na ndipo malalamiko yanapoanzia: "Nimebonyeza, hakuna kilichotokea." Kimetokea. Kwenye Windows nyingi picha imeshapigwa, ila haijawa faili. Imekaa kwenye kumbukumbu ya muda, pale pale yanapokaa maneno unayonakili. Fungua Word au barua pepe, bonyeza Ctrl na V, utaiona. Ukinakili kitu kingine kabla hujaibandika, imekwenda na maji.

Ukitaka iwe faili moja kwa moja, shikilia kitufe cha Windows kisha bonyeza PrtSc. Skrini itapepesa kidogo, na picha utaikuta kwenye folda ya Pictures, ndani ya Screenshots. Alt na PrtSc hunakili dirisha unalolifanyia kazi tu. Kwenye laptop nyingi utalazimika kushikilia na Fn. Wa Mac hubonyeza Command, Shift na 3 kwa skrini nzima, au 4 kwa kipande, na picha hutua kwenye Desktop.

Mimi hutumia Windows, Shift na S, na ndiyo ninayomfundisha kila mgeni ofisini. Skrini hufifia, unaburuta kipanya kuzunguka sehemu unayoitaka, ukiachia imekamatwa. Kwenye Windows 11 za karibuni, hata PrtSc peke yake hufungua zana hiyo hiyo. Sababu ya kuipenda si wepesi wake. Ni kwamba inakulazimisha kuamua nini kiingie na nini kibaki nje.

Maana skrini nzima ina mdomo mrefu. Niliwahi kutumiwa picha ya fomu iliyokataa kufunguka. Fomu sikuiangalia sana, kwa sababu juu yake, kwenye tabu za kivinjari, palisomeka vizuri kabisa kwamba mwenzetu alikuwa anatafuta kazi kwingine. Nilinyamaza. Lakini ingekuwaje kama angeituma kwenye kundi la ofisi? Kabla ya kutuma, tazama tabu, kona ya saa na arifa, jina la akaunti, na salio la benki lililobaki wazi nyuma ya dirisha.

Cha kuficha, kifunike kwa kisanduku cheusi kisichoonyesha kilicho nyuma yake. Kuvuruga maandishi yawe ukungu hakutoshi, hasa kwa tarakimu, kwani tarakimu zipo kumi tu na kuna mbinu za kuzibashiri. Hata kukata picha kuliwahi kusaliti watu. Machi 2023 ilibainika kwamba zana ya skrinishoti ya Windows 11, ukikata picha na kuihifadhi juu ya faili lile lile, iliacha mabaki ya sehemu iliyokatwa ndani ya faili, na mjuzi aliweza kuyafufua. Kasoro ya aina hiyo ilikuwa imeonekana kwanza kwenye simu za Pixel za Google. Microsoft walitoa marekebisho mwezi huo huo, ila picha zilizokwisha kusambaa zilibaki zilivyo. Kwa hiyo sasisha kompyuta yako, na picha nyeti ipige upya badala ya kuikatakata.

Wengine hupiga skrinishoti kama ushahidi wa malipo, matusi au utapeli. Ni vizuri, lakini kwa Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inaipa mahakama nafasi ya kupima taarifa ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa na imetoka kwa nani. Picha ni rahisi kuchezea. Basi hakikisha tarehe na jina au namba ya mtumaji vinaonekana, usiihariri nakala ya kwanza, na ujumbe wenyewe usiufute kwenye akaunti yako, hata kama unakuchefua.